Uttar Pradesh ikizaa, Kerala ipokonywe viti?

Mtoa mada

Wakuu, tuijadili India, hasa jimbo la Uttar Pradesh. Sensa ya 2011 ilikuta humo watu milioni 199.8. Makadirio ya sasa yanavuka milioni 230, yaani jimbo moja tu linaizidi Brazil nzima. Lina viti 80 kati ya 543 vya Lok Sabha, bunge la chini, na ni vingi kwelikweli mpaka upige hesabu. Kwa sensa hiyo hiyo, mbunge mmoja wa Uttar Pradesh anabeba watu milioni 2.5. Mwenzake wa Tamil Nadu anabeba milioni 1.85, na wa Kerala milioni 1.67 tu.

Pengo hili limewekwa na sheria. Mwaka 1976, katikati ya ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya waziri mkuu Indira Gandhi, marekebisho ya 42 ya katiba yaligandisha mgawo wa viti kwa hesabu ya sensa ya 1971, ili majimbo yanayohimiza uzazi wa mpango yasipoteze wabunge kwa sababu ya kufanikiwa. Ilikuwa iwe hivyo hadi mwaka 2000. Muda ulipoisha yakaja marekebisho ya 84 na kuusogeza mpaka sensa ya kwanza itakayofanyika baada ya 2026. Sensa ya 2021 ilikwama kwa korona, na Juni 2025 serikali ikatangaza kwamba tarehe ya rejea ya sensa ijayo, yaani siku ambayo hesabu ya watu itasimamia, ni 1 Machi 2027. Kwa hiyo suala lililokwepwa kwa miaka hamsini sasa limefika mlangoni.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnishambulie vizuri: viti vifuate watu. Mpiga kura wa Gorakhpur, Uttar Pradesh, hakuchagua azaliwe kwenye familia ya watoto saba. Kumpa theluthi mbili ya kura ya mtu wa Kochi, Kerala, kwa sababu babu yake alizaa sana ni kumfunga kwa kesi ya mwingine.

Karibuni. Ila tusianze na "Wahindi ni wengi sana", hiyo haina mjadala.

Kipanga

Mkuu, hapo umechemka. Umeanza na 2011 kana kwamba mambo yalianzia huko. Anza na 1971. Kerala ilikuwa na watu milioni 21.3, ikafika 33.4. Eneo la Uttar Pradesh ya leo, ukishatoa Uttarakhand iliyomegwa mwaka 2000, lilikuwa na milioni 83.8, likafika karibu 200. Mmoja aliongezeka kwa nusu na kidogo, mwingine zaidi ya mara mbili. Serikali kuu ndiyo iliyosema pangeni uzazi. Kerala wakasomesha mabinti, wakajenga zahanati, wakapanga. Leo waambiwe asanteni sana, sasa rudisheni viti?

Gawa hivyo 543 kwa sensa ya 2011 uone. Uttar Pradesh inapata takriban 90, Bihar inatoka 40 inaenda 47. Tamil Nadu inashuka kutoka 39 hadi 32, Kerala kutoka 20 hadi 15. Hapo bado hujaweka hesabu mpya.

Na usiniambie ukumbi mpya wa bunge uliofunguliwa 2023 una nafasi 888, eti wataongeza viti bila kumpunguzia mtu. Ukiwa na viti 20 kati ya 543 na mimi nikaongezewa mpaka nikumeze, sauti yako imepungua hata kama viti vyako ni vile vile. Amit Shah, waziri wa mambo ya ndani wa India, aliahidi Februari 2025 kwamba kusini, yaani Kerala, Tamil Nadu na jirani zao, haitapoteza hata kiti kimoja. Hofu ya kusini ni kupungua kwa sehemu yao ya bunge, na hilo ahadi yake haikuligusa kwa namna ya kumtoa mtu wasiwasi.

Binti Takwimu

Naomba niingilie kwenye hilo la "wakapanga", kwa sababu linasemwa kana kwamba Kerala walikuwa na nidhamu na Uttar Pradesh walikuwa wakaidi.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019 hadi 2021 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Uttar Pradesh, 50 hufa kabla ya kutimiza mwaka. Kerala ni 4. Mama anayejua kwamba anaweza kuzika mmoja hazai wawili, anazaa wanne awe na uhakika. Tena sensa ya 2011 ilionyesha wanawake wanaojua kusoma Kerala ni asilimia 92, Uttar Pradesh ni 57. Hizo ndizo sababu, na zote ni kazi ya serikali kabla hazijawa uamuzi wa chumbani.

Kingine, Uttar Pradesh imebadilika kuliko watu wanavyodhani. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 3.8 mwaka 2005 na 2006. Miaka kumi baadaye ukawa 2.7, na utafiti huu wa mwisho umekuta 2.4. Bihar ndiyo iko 3.0. Tamil Nadu na Kerala ziko 1.8, chini ya kile kiwango cha watoto wawili na kidogo ambacho kizazi kinajirithi chenyewe.

Mtauliza, kama uzazi umeshuka hivyo, mbona idadi bado inapanda? Kwa sababu mabinti waliozaliwa miaka ya tisini, wakati familia zilikuwa kubwa, ndio wanaozaa sasa. Kila mmoja anazaa wachache kuliko mama yake, ila wao wenyewe ni wengi. Hata wote wakiishia na watoto wawili kuanzia kesho, hesabu itaendelea kupanda kwa miaka mingi. Ndiyo maana sheria za kukomoa zinachekesha kidogo: zinamwadhibu mtu ambaye tayari anazaa wachache.

Mtoa mada

Umenisaidia, dada. Nami nirudi 1976, maana Kipanga anaizungumza kama mwaka wa makubaliano mazuri.

Mwaka ule ule wa kugandisha viti, wanaume zaidi ya milioni sita walifungwa kizazi nchini India, wengi kwa shuruti. Uttar Pradesh walimu wa shule walipewa idadi ya watu wa kuwapeleka. Mwalimu asiyetimiza idadi anazuiliwa mshahara. Mtafakari: mwalimu wa darasa la tatu anazunguka kijijini jioni akimtafuta baba wa mwanafunzi wake ampeleke akakatwe mirija, la sivyo mwisho wa mwezi watoto wake wanalala njaa. Oktoba mwaka huo polisi walifyatua risasi Muzaffarnagar dhidi ya watu waliokataa. Uchaguzi wa Machi 1977, chama cha Congress kilipoteza viti vyote 85 vya Uttar Pradesh ya wakati ule, cha Indira mwenyewe pale Rae Bareli kikiwemo.

Baada ya hapo, mwanasiasa gani wa kaskazini angethubutu kulitaja neno uzazi wa mpango? Jimbo liliogopeshwa na serikali kuu, likabaki nyuma, na sasa linalaumiwa kwa kubaki nyuma.

Mzee wa Hoja

Mnazunguka mbuyu. Semeni ukweli, wanaoongezeka ni Waislamu, na huko Uttar Pradesh ni karibu mtu mmoja kati ya watano. Hilo ndilo linalowaumiza watu, viti ni kisingizio.

Binti Takwimu

Mzee wangu, shikamoo, lakini takwimu zinakukataa. Wastani wa watoto kwa mwanamke wa Kiislamu India ulikuwa 4.4 mwanzoni mwa miaka ya tisini, sasa ni 2.4. Kwa Wahindu ulishuka kutoka 3.3 hadi 1.9. Walioshuka kwa kasi zaidi ni hao hao unaowasema. Na mwanamke wa Kihindu wa Bihar anazaa zaidi ya mwanamke wa Kiislamu wa Kerala. Ukitaka kubashiri mtu atazaa wangapi, muulize alisoma mpaka darasa la ngapi kabla hujamuuliza anasali wapi.

Kipanga

Hilo la dini nakubaliana na Binti, lifungwe.

Turudi kwenye viti. Mnaona nchi ilivyopinda? Julai 2021 tume ya sheria ya Uttar Pradesh ilitoa rasimu ya kumnyima mwenye watoto zaidi ya wawili kazi ya serikali na haki ya kugombea serikali za mitaa. Haijawa sheria. Andhra Pradesh, kule kusini, ilikuwa na zuio la namna hiyo kwa wagombea wa mitaa tangu miaka ya tisini, na Novemba 2024 bunge lake likalifuta. Waziri mkuu wa jimbo hilo, Chandrababu Naidu, alikuwa ameshaanza kuwahimiza watu wazae zaidi. Kerala tayari wenye miaka 60 na kuendelea wanakadiriwa kuwa asilimia 16, mara mbili ya Uttar Pradesh. Majimbo yaliyofuata maagizo sasa yanazeeka, na juu ya uzee yanapunguziwa sauti. Bado mnaniambia ni haki?

Msafiri

Mimi nauliza jambo dogo. Mbona hakuna anayewataja wanaohama?

Viwanda vya fulana vya Tiruppur, Tamil Nadu, vinategemea vijana wa Bihar, Odisha na Uttar Pradesh. Kerala ndiyo usiseme: wenyeji wako Ghuba wanatuma pesa, nyumba zao zinajengwa na mafundi kutoka Bengal na Assam, na serikali ya jimbo inawaita rasmi wafanyakazi wageni, wageni kwa maana ya kukaribishwa. Kijana wa Bihar anayekaa Tiruppur miaka mitano anahesabiwa na sensa huko huko anakoishi. Kadi yake ya mgawo wa nafaka, tangu mpango wa kadi moja nchi nzima, inafanya kazi huko pia. Kura ndiyo mara nyingi imebaki kijijini kwao. Siku ya uchaguzi ama apoteze ujira na nauli ya siku mbili za treni, ama asipige kabisa.

Sasa niambieni, huyo ni mtu wa nani mkigawa viti? Akihesabiwa Tamil Nadu anaiongezea Tamil Nadu kiti ambacho yeye hakichagui. Kusini waache kumwona kijana huyu kama tatizo la kaskazini. Ndiye anayewajazia hesabu.

Mtoa mada

Msafiri umeleta jambo ambalo sikulifikiria kwa upande huo, na linaupa nguvu upande wangu: tuhesabu watu walipo, tuwape kura walipo.

Kipanga, nakubali una hofu ya kweli. Majimbo matano ya kusini yana viti 129 leo, karibu asilimia 24. Kwa watu wa 2011 wangestahili kama asilimia 21, na kwa sensa mpya watapungua tena. Lakini dawa haiko kwenye kugandisha tena. Mkutano ulioitishwa na M.K. Stalin, waziri mkuu wa Tamil Nadu wakati huo, pale Chennai, 22 Machi 2025, ulidai miaka mingine 25 ya kutumia hesabu ya 1971. Yaani mtu apige kura 2050 kwa hesabu ya watu ambao wengi wao watakuwa wameshakufa! Dawa ni Rajya Sabha, bunge la juu, liwe la majimbo kweli. Sasa hivi nako Uttar Pradesh ina 31 na Kerala 9, mgawo unaofuata watu vile vile. Kila jimbo lipewe idadi sawa kule juu, bunge la chini liachiwe watu.

Kipanga

Rajya Sabha gani? Kwenye muswada wa fedha katiba inaipa siku 14 tu za kutoa mapendekezo, na Lok Sabha ikiyakataa yote mambo yanaendelea kama kawaida. Na shida ya kusini na Delhi, yaani serikali kuu, ni fedha. Tume ya Fedha ya 15 iliipa Uttar Pradesh karibu asilimia 18 ya kodi zinazogawiwa majimbo, Kerala haikufika hata mbili. Sasa unanipa bunge la juu la kwenda kulalamikia.

Mtoa mada

Basi na hicho kifungu cha siku 14 kibadilishwe, kiingie kwenye mapatano hayo hayo. Kubadilisha katiba kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wanaopiga kura katika kila bunge. Kusini peke yake haiwezi kupitisha wala kuzuia, ila Punjab ilikaa nao Chennai, na Naveen Patnaik, waziri mkuu wa zamani wa Odisha, aliwahutubia kwa video. Hao wakiungana, Delhi italazimika kusikiliza. Lakini ni kabla viti havijagawanywa. Wakipoteza muda kudai 1971, siku ya kugawa ikifika watakuwa hawana cha kubadilishana.

Kipanga

Na Uttar Pradesh itakubali kugawana bunge la juu sawa kwa sawa na Sikkim yenye watu laki sita? Nitajie mwanasiasa mmoja tu wa Lucknow, makao makuu ya jimbo hilo, atakayelisema hilo jukwaani, nami nitahamia upande wako.