Mama wa "Ordinary People": moyo wa jiwe, au mfiwa aliyekosa pa kulilia?

Mleta mada

Wakuu, juzi nimeirudia "Ordinary People", filamu ya 1980, ya kwanza kwa Robert Redford kuongoza. Ambaye hajaiona aishie hapa, maana natoboa yote.

Familia ya Jarrett inaishi Lake Forest, kitongoji cha wenye nazo kaskazini mwa Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Baba, Calvin, ni mwanasheria wa kodi. Mama ni Beth. Mtoto wao mkubwa, Buck, alizama ziwani mashua ilipopinduka kwenye dhoruba. Mdogo wake Conrad aling'ang'ania mashua akapona, kisha akajaribu kujiua na kulazwa miezi minne. Filamu inaanza amesharudi. Nyasi zimekatwa, meza imeandaliwa, na la Buck halitajwi.

Kila niliyeitazama naye anatoka na hukumu moja: yule mama hana utu. Nabisha. Nasema filamu imempa kila mtu pa kulilia isipokuwa yeye. Conrad ana Dk. Berger, daktari wa akili. Calvin naye anakwenda kwa daktari huyohuyo akatua mzigo. Beth ana gofu na mialiko ya jioni. Kuna mahali amekaa peke yake chumbani kwa Buck, Conrad anatokea, naye anashtuka kama mwizi aliyekutwa ndani. Mama ananyemelea chumba cha mwanawe aliyemzaa!

Haya, semeni.

Mama Wawili

Ndugu yangu, umeruka kifungua kinywa. Mama kakaanga mkate uliochovywa mayai, chakula anachokipenda kijana. Kijana anasema hana njaa. Beth anachukua sahani na kusukumia chote kwenye mashine ya kusaga taka ya sinki, huku baba bado anambembeleza mtoto ale. Mimi nimelea. Mtoto aliyetoka hospitali akikataa chakula unakifunika, unakiweka pembeni, baada ya saa unamwita tena. Sihitaji daktari wa akili anieleze Beth ni nani.

Fundi Saa

Umemaliza. Na ile ya kamera je? Calvin anataka ampige picha mama na mwanawe. Beth anacheka, anazunguka, anataka kamera aishike yeye, mpaka Conrad analipuka mbele ya babu na bibi. Huwezi kusimama na mwanao kwa muda wa picha moja?

Ila sifa kwa aliyemchagua Mary Tyler Moore. Wamarekani walimzoea kwenye vichekesho vya televisheni, kipindi chenye jina lake kilikwisha 1977, wote wanampenda lile tabasamu. Redford akalichukua tabasamu lilelile akaligeuza kuwa komeo la mlango. Akateuliwa kuwania Oscar, hakuipata. Filamu ikaondoka na nne, ikiwemo ya filamu bora, ikaipiku "Raging Bull", na ugomvi huo haujaisha hadi leo (nitafungua mada yake siku nyingine).

Mleta mada

La kamera sina utetezi. Lakini chukueni ule ugomvi wa hospitali. Conrad anasema angelazwa Buck, mama angekwenda kumwona. Beth anajibu Buck asingelazwa kamwe. Wengi mnasikia tusi. Mimi namsikia mama anayemlilia marehemu kwa njia pekee aliyobaki nayo, kumsifu. Amekosea wa kumwambia, sawa.

Mpita Njia

Nyote mmeliacha la shati. Calvin anamkumbusha Beth kwamba siku ya kumzika Buck alimwambia abadilishe shati na viatu. Lilimkaa moyoni muda wote: mwanetu amekufa, wewe unatazama viatu vyangu?

Sasa fikirieni msiba wowote mliowahi kukaa. Hakosi mama mmoja asiyelia. Anahesabu sahani, anauliza maji kateka nani, anamwambia kaka yake avae kanzu safi. Hakuna anayemwita katili, tunasema fulani kajikaza. Ila huyo wa kwetu akishamaliza kuhangaika anakuta watu bado wako kwenye mkeka, siku ya pili, siku ya tatu, na hapo ndipo machozi yake yanamkuta. Lake Forest wamezika, wakapeana mikono, kila mtu kwenye gari lake. Beth akabaki na kazi ya kujikaza isiyo na siku ya mwisho. Filamu inamhukumu kwa kunyamaza, wakati kitongoji kizima kimemfundisha kunyamaza. Tazama wale wageni kwenye sherehe: Calvin anataja kidogo tu kwamba Conrad anaonana na daktari, Beth anakasirika mambo yao yametolewa nje. Siri ya mtungi, kata ndiyo iijuayo. Hata mimi ningekasirika.

Mama Wawili

Mkeka alitandikiwa, Mpita Njia. Calvin alimwomba waende wote kwa Berger. Akakataa, yao yatamalizwa nyumbani. Yakamalizwa lini?

Mleta mada

Hapo umenibana, na sitajifanya sikuona. Alikataa.

Lakini rudi mwisho. Usiku Calvin yuko mezani analia, anamwambia hajui tena kama anampenda. Beth hajibu. Anapanda juu, anafungua kabati la nguo, anashusha sanduku, na ghafla mwili wote unatikisika, kilio kinataka kutoka. Sekunde chache tu. Anakimeza, anajiweka sawa, anaendelea kupanga. Alfajiri teksi imeondoka, baba na mwana wamekumbatiana nje, na kila mtu anayetazama anapumua. Kile cha kabatini hakuna aliyekishuhudia ndani ya nyumba ile.

Mama Wawili

Nimekiona mimi. Nimemhurumia pia. Ile sahani bado sijaisamehe.