Tupeane uzoefu: Bleak House, riwaya ya Charles Dickens, mnaishikaje mpaka mwisho?

Kalamu Butu
Wakuu, kuna swali la mtihani kuhusu wasimulizi wawili limenikumbusha kitabu hiki. Sura 67, wahusika lukuki. Wasomaji wanakwama wapi, na wanakwamukaje? Naanza mimi: msikigawe kwa kurasa. Kilitoka kidogokidogo kila mwezi, Machi 1852 hadi Septemba 1853, kurasa 32 kwa shilingi moja, na toleo la mwisho likawa mawili kwa pamoja. Someni toleo moja kwa mkao mmoja. Dickens alikuwa akikata utamu palepale mwisho wa toleo, kwa hiyo ukipumzika hapo utarudi mwenyewe. Ukiachia katikati, kitabu kitalala uvunguni mpaka muhula uishe.

Mama Sura
Kweli tupu.

Wakili wa Mtaa
Wengi hufia sura ya 1. Ukungu, matope, kesi ya Jarndyce na Jarndyce, na hakuna anayesema inahusu nini. Msomaji anarudia akidhani kuna kitu kimempita. Hakuna! Kesi imefanywa isieleweke kwa makusudi. Shika haya tu: ni mirathi, iko Mahakama ya Chancery, London, na gharama za mawakili zinakatwa kwenye mali ileile inayogombewa. Hilo la mwisho lipigie mstari, maana ndilo linaloimaliza kesi sura ya 65.

Esther Siye Mimi
Umeshatoboa mwisho.

Wakili wa Mtaa
Kitabu cha 1853, dada. Muda wa rufaa umepita.

Daftari la Mistari
Pabaya zaidi si mwanzo, ni sura ya 10 na 11. Wanaingia watu wapya, msomaji kachoka, anaparuza. Kumbe uzi wote uko hapo. Sura ya 2 Lady Dedlock, mke wa bwana mkubwa, anaona mwandiko kwenye karatasi ya kesi, anauliza ni wa nani, anazimia. Tulkinghorn, wakili wa familia, ananusa jambo. Sura ya 10 anaufuata mwandiko mpaka kwa Snagsby, anayegawa kazi za kunakili, na kutoka hapo hadi chumba cha Nemo, mnakili mwenyewe, juu ya duka la makorokoro la mzee Krook. Nemo ameshakufa kwa afyuni. Sura ya 11 anatokea Jo, mtoto anayefagia njia. Sura ya 16 mwanamke aliyejifunika uso anamlipa Jo amwonyeshe kaburi la Nemo. Ukiruka hayo, sura ya 29 Guppy, karani wa mawakili, anapomwendea Lady Dedlock utaona watu wanaongea mafumbo.

Dawa: daftari lenye safu tatu, nani, anajua nini, amekijua sura ipi. Weka watu watano tu: Lady Dedlock, Tulkinghorn, Guppy, Jo na Esther, msichana anayesimulia karibu nusu ya kitabu. Bucket, mpelelezi, mwongeze sura ya 22. Ukitaka kuandika kila jina utafunga duka mapema.

Kalamu Butu
Na wasimulizi?

Daftari la Mistari
Esther ana sura 33, nafsi ya kwanza, wakati uliopita. Zile 34 ni nafsi ya tatu, wakati uliopo. Kosa la kila mwaka ni kunukuu maneno ya Esther na kuandika "Dickens anasema".

Mzee wa Mbao
Huyo Esther anachosha. Kila mtu anamsifu, na yeye ndiye anayetuandikia sifa hizo!

Esther Siye Mimi
Anaandika miaka saba baada ya mambo kuisha. Anajua kila kitu na anakubania. Soma tena ukitafuta anachonyamazia.

Mzee wa Mbao
Nisome tena? Labda kifungoni.

Taa ya Kibatari
Mnamsahauje Krook? Sura ya 32! Vijana wawili wanangoja saa sita ya usiku wakachukue barua. Masizi yanadondoka kwenye mkono wa koti, mafuta mazito ya njano yanatiririka dirishani, harufu kama ya nyama iliyoungua. Wanashuka: mzee hayupo, sakafuni kuna kitu kama gogo lililoteketea. Msiisome chakula kikiwa mezani.

Mama Sura
Nimeacha kula.

Mzee wa Mbao
Uongo huo. Mtu hawaki mwenyewe.

Taa ya Kibatari
G. H. Lewes, mhakiki, alisema hivyohivyo wakati ule, Dickens akamjibu ndani ya riwaya yenyewe, sura ya 33, kisha tena kwenye dibaji. Kwa sayansi alikosea. Kwenye mtihani usimtetee. Andika kwamba majirani walimpachika Krook jina la Lord Chancellor, mkuu wa Mahakama ya Chancery, kwa hiyo anayeungua ni mahakama.

Pwani Moja
Na Bi Jellyby na mradi wake wa msaada wa Borrioboola-Gha, ukingoni mwa mto Niger, Afrika? Waafrika tunatetewa au tunachekwa?

Wakili wa Mtaa
Anachekwa mama anayehangaikia mbali huku wanawe wakianguka ngazini. Msafara wa Waingereza wa Niger wa 1841 ulikuwepo kweli, Wazungu wengi wakafa kwa homa, na Dickens aliuponda gazetini 1848.

Pwani Moja
Na sura ya 67 mfalme wa huko anataka kuuza watu apate pombe. Mwafrika hapewi hata sentensi moja ya kujitetea.

Wakili wa Mtaa
Hapo sina hoja. Andika yote mawili.

Mama Sura
Nianze na tamthilia ya BBC ya 2005?

Daftari la Mistari
Usithubutu.

Kalamu Butu
Anza nayo, majina yatakukaa.

Mama Sura
Haya. Basi nipeni mgawanyo wa matoleo.

Kalamu Butu
Kwa sura: 1–4, 5–7, 8–10, 11–13, 14–16, 17–19, 20–22, 23–25, 26–29, 30–32, 33–35, 36–38, 39–42, 43–46, 47–49, 50–53, 54–56, 57–59, 60–67. Hilo la mwisho litengee siku nzima.