Naomba ushauri: faiawali mbili kwenye wingu, moja ikizima mtandao unakatika

Wakuu, habari za kazi. Nina faiawali mbili (walinzi wanaochuja trafiki ya mtandao) kwenye wingu, kila moja zoni yake, yaani kituo chake cha data. Kwenye seva zetu wenyewe nimezoea VRRP, itifaki ya mashine kupokezana anwani moja: ya kwanza ikifa, ya pili inachukua anwani ya IP palepale. Huku haiwezekani, mtandao wa wingu haupitishi maltikasti (ujumbe mmoja kwa mashine nyingi) wala matangazo ya ARP (yanayosema anwani ya IP iko kwa mashine ipi). Nikaandika skripti inayotuma amri kwa wingu kupitia API, ibadilishe jedwali la njia ili trafiki ielekezwe kwenye faiawali ya pili.

Juzi usiku nikaizima ya kwanza makusudi. Ping (jaribio la kuona kama mashine inajibu) ikakaa kimya karibu dakika nzima, na waliokuwa wameingia kwenye seva kwa mbali kupitia SSH wote wakatupwa nje. Kwa mfumo wa malipo, dakika hiyo ni nyingi mno.

Sasa nafikiria kuweka mbele kigawa mzigo, kinachogawa trafiki kati yao, zote mbili zifanye kazi pamoja. Hofu yangu ni pakiti kuingia kupitia A, jibu likarudi kupitia B: B haiujui muunganisho huo, inalitupa. NAT ya chanzo (faiawali kuweka anwani yake badala ya ya mteja, ili jibu lirudi kwake) inatibu hilo, ila seva hazitaona tena anwani halisi ya mteja, nasi tunaihitaji sana kwenye kumbukumbu za usalama.

Aliyepitia hili, ulichagua njia ipi? Na kipimo cha afya, kinachoangalia kama faiawali bado iko hai, umekiweka kila sekunde ngapi?