Amplifaya kubwa itaniunguzia spika? Nipo Mtwara

mziki_wa_ligula
Wakuu, habari za jioni. Nakodisha mziki, harusi za mjini na sherehe za unyago huko Nanyamba na Tandahimba. Nina spika nne za inchi 15, omu 8, nyuma zimeandikwa RMS 400, peak 1600. Msimu wa korosho ndio huu unaingia, nimechukua amplifaya ya wati 900 kila upande kwa omu 8. Wenzangu wanasema nimenunua jiko la kuchomea spika. Nirudishe nichukue ndogo?

dj_chikongola
Rudisha mkuu. Kama hutaki, volyumu isivuke nusu, basi.

fundi_mikindani
Mdogo wangu, usirudishe. Na hiyo nusu ya volyumu hailindi kitu. Mikisa ikileta mlio mkubwa, amplifaya inafika mwisho wa nguvu zake hata kama kitufe kiko katikati.

Spika inauawa na joto la koili (waya uliosokotwa ndani), au koni (ile sehemu ya mbele inayocheza) kutembea kupita kiasi chake. Amplifaya ndogo ikikamuliwa hadi taa nyekundu inawaka muda wote, mawimbi yanakatwa vichwa, na ya wati 300 inaweza kumwaga karibu 600. Nyingi ninazoletewa mezani zimeungulia huko. Ila kubwa nayo inaua usipoiwekea mpaka, kwa hiyo wenzako hawajakosea kuogopa.

Mpaka unaupima hivi. Sahau 1600, hiyo ni ya kufumba na kufumbua. Shika 400, hiyo RMS ndiyo nguvu ambayo spika inahimili muda wote. Wati 400 kwa omu 8 ni volti 56. Chomoa spika zote, piga mlio mmoja wa 50 Hz kutoka kwenye simu, weka mita kwenye volti za AC kwenye matokeo ya amplifaya, pandisha taratibu hadi 56. Usiguse nyaya, volti hizo zinapiga. Hapo ndipo limita, yaani kizuizi cha sauti kupita kiwango, ianze kubana. Ukifunga spika mbili sambamba kila upande, volti ni ileile, maana kila moja inapokea sawa.

Mimi kwa ngoma ya kukesha naweka 40. Ni wati 200, nusu kabisa, lakini sikio linaona imepungua kidogo tu, na spika inafika asubuhi.

mziki_wa_ligula
Shukrani sana kaka. Singeli je? Besi zake zinanitisha, koni inacheza mpaka naiona kwa macho.

fundi_mikindani
Kata besi za chini kabisa. Makasha mengi ya inchi 15 yenye tundu la hewa yamepangwa kwenye 45 Hz hivi. Chini ya hapo hewa ya ndani haiishiki koni tena, inatembea bure bila kutoa sauti ya maana, na koili inagonga nyuma. Weka kichujio kinachokata chini ya 40 Hz. Kwenye maiki za MC bonyeza kitufe cha kukata besi pale mikisa, maana maiki ikianguka ule mshindo ni pigo moja baya sana. Maiki ikianza kupiga yowe ishushe hapohapo, yowe linamaliza drayva za juu (zile za sauti nyembamba) haraka kuliko besi.

Na kuwasha: mikisa kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima, amplifaya kwanza. Umeme ukikatika katikati ya shughuli, zima amplifaya kabla hamjahamia jenereta. Hili nalisisitiza kwa sababu vijana wa kukodisha wanalipuuza mno.

Kabla ya yote pima spika zako kwa mita upande wa omu. Ya omu 8 iliyo nzima husoma 6 hivi. Halafu sukuma koni polepole kwa vidole vya mikono miwili, ikikwaruza koili imeshapinda.

mziki_wa_ligula
Nimepima. 6.2, 6.1, 6.3, na moja 3.2. Hiyo niliinunua mtumba. Haikwaruzi.

fundi_mikindani
Hiyo usiifunge. Ama aliyekuuzia aliweka koili ya omu 4, ama koili imeungana ndani. Ukiiunga sambamba na ya omu 8, upande ule unashuka hadi 2.7, amplifaya nyingi hazihimili. Na kwa volti 56 yenyewe itakula karibu wati 800. Fungua kasha, soma nyuma ya sumaku, nitumie picha. Harusi ya kwanza piga na tatu.