Naombeni ushauri: joto la ardhini kwa nyumba ya Lang'ata

Wadau habari zenu, najenga huku Lang'ata na baridi ya Julai mnaijua, mama anakaa na sisi na kifua chake hakiiwezi kabisa. Nataka ile sistimu ya mabomba ya plastiki yanafukiwa chini, maji yanazunguka humo na pampu inavuta joto la udongo inaingiza ndani, kukiwa na jua kali inageuza, inatoa joto la ndani inalirudisha udongoni. Sio mvuke wa kuzalisha umeme kama wa Olkaria jamani, ni udongo tu, ukishuka mita kadhaa joto lake halibadiliki sana mwaka mzima.

Sasa ploti ni black cotton, ule udongo unaovimba mvua ikinyesha halafu kiangazi unapasuka nyufa mkono unaingia, naogopa mabomba yatavutwa viungo viachie. Fundi anasema tuchimbe wima mpaka kwenye mwamba, lakini gharama ya kuchimba mwamba si mchezo. Kuna mtu ameweka hii kitu hapa Nairobi? Ama kwa baridi ya miezi michache nizibe tu dari na madirisha vizuri? Msingi tunaanza mwezi ujao, tafadhali nisaidieni mapema.