Mrejesho: Goti langu baada ya upasuaji wa ACL

Wakuu, habari zenu. Niliwauliza kama ni lazima kupasuliwa goti baada ya kuumia mpirani. Picha ya MRI ilionyesha ACL, ligamenti ya katikati ya goti, imekatika na meniska, gegedu lililo kati ya mifupa ya goti, imechanika. Wengi mlinishauri nisikimbilie kisu, na ni kweli wapo wanaoendelea vizuri kwa mazoezi pekee. Goti langu lilikuwa linaniachia hata nikishuka ngazi, nikakubali.

Walipitisha kamera kwenye matundu madogo, wakachukua kano ya nyuma ya paja langu mwenyewe wakatengeneza ligamenti mpya, meniska wakaishona. Kwa sababu ya kushonwa huko nilikatazwa kuchuchumaa kwa miezi kadhaa. Kama nyumbani choo ni cha kuchuchumaa, tafuteni kiti chake kabla ya upasuaji, nawasihi.

Kazi yenyewe hasa ni fiziotherapia. Kwanza kunyoosha goti hadi mwisho, kisha kurudisha nguvu ya msuli wa mbele ya paja, ambao husinyaa haraka ajabu. Jamani, msiache mazoezi eti maumivu yameisha! Kano iliyopandikizwa hudhoofika kwanza kabla ya kukomaa, kwa hiyo unajisikia mzima wakati ndani bado. Kurudi uwanjani ni angalau miezi 9, tena baada ya kupimwa nguvu za miguu yote miwili.

Sasa natembea bila magongo na naendesha baiskeli; mpira bado. Aliyeniuliza kuhusu bima: hakikisha inalipia na fiziotherapia, siyo upasuaji tu.