Unga gani wa mkate wa nyumbani: mweupe, ata au ulezi?

Neema wa Moro

Shikamoo wakubwa, na wengine habari za leo. Baba yangu ana kisukari. Tangu aambiwe apunguze mkate mweupe, kila asubuhi anausemea tu. Nataka nimuokee mwenyewe. Hapa nina unga mweupe wa ngano kilo 2, ata (unga wa ngano nzima) kilo 1, na ulezi uliosagwa mashineni ambao mama kaja nao kutoka kijijini. Nikioka kwa mweupe mtupu, mkate unapanda vizuri. Nikitia ulezi nusu kwa nusu, unabaki mfupi, mzito, na ukiukata unameguka wote. Hamira ileile, oveni ileile. Nichanganyeje? Na hizi pakiti za unga mweupe, zinatofautiana kweli au ni majina tu?

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Marahaba mwanangu, Mungu amjalie baba afya. Hamira yako haina kosa. Mkate husimama kwa gluteni, ile protini ya ngano inayonata na kuvutika ukikanda. Ndiyo inayoishika hewa ya hamira isitoroke. Ulezi hauna gluteni hata chembe, na mtama, mahindi na muhogo ni vivyo hivyo. Ukitia ulezi nusu, umeondoa nusu ya nguvu, kisha ile nusu iliyobaki umeitwisha mzigo.

Kwa hiyo anza kwa kuchagua huo mweupe, maana ndio utakaobeba wenzake. Pakiti zinatofautiana sana. Geuza nyuma, tafuta mstari wa protini kwa gramu 100. Ukiona 9 au 10, huo ni wa keki na biskuti. Wa 11 unafaa mandazi, chapati na mkate wa kawaida. Wa 12 kwenda juu ndio wa kuchanganya na ulezi. Uliokwisha kutiwa beking pauda kiwandani usiuguse kwa mkate wa hamira.

Unga wa kupimiwa dukani hauna maandishi, basi upime mwenyewe. Chukua gramu 100, kanda na maji kama gramu 60 upate donge gumu, lizamishe kwenye bakuli la maji nusu saa. Kisha lioshe taratibu juu ya chujio, ukilibinya, mpaka maji yaache kutoka meupe. Wanga wote umekwenda. Kinachobaki mkononi ni gluteni, kitu cha kijivu kinachovutika kama mpira. Kikamue, kipime. Ukipata gramu 30 au zaidi, unga huo ni wa mkate. Ukipata 20 na kidogo, kaanga nao maandazi, usijisumbue. Mimi hufanya hivi kila nikifungua mfuko mpya, hata wa jina lilelile, kwa sababu ngano nyingi inayosagwa kwetu hutoka nje na viwanda huchanganya kwa kadiri ya shehena iliyopo.

Kipimo cha mkate mmoja: mweupe gramu 300, ata 125, ulezi 75. Usitie ulezi mkavu. Umwagie mililita 150 za maji yanayochemka, koroga uwe uji mzito, uache upoe kabisa. Ulezi ulioiva hivyo hushika maji, na mkate haumeguki. Ata nayo ina pumba. Zinakata nyuzi za gluteni, na zinakunywa maji polepole. Changanya unga wote na uji huo na maji mengine mililita 200, funika nusu saa kabla ya kutia hamira gramu 5 na chumvi gramu 9. Donge litanata mkononi. Usiongeze unga! Paka viganja mafuta, endelea kukanda dakika 10. Likiumuka mara mbili ya lilivyokuwa, liweke kwenye chombo, liumuke tena, kisha oka nyuzi 200 kwa dakika 35 hadi 40. Kwa joto la Tanga natumia maji ya mtungini, la sivyo unaumuka upesi na kuwa mchachu.

Mtoto wa Lamu

Bi Mkubwa, nakubali, ila mkate wetu wa mofa ni wa mtama na watu wanaula tangu zamani. Mbona huo hauhitaji gluteni?

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Mwanangu, mofa ni bapa. Hauombwi kupanda juu, unaombwa uive na ushikane. Ukitaka mtama mwingi, oka mofa, na ni mtamu hasa kwa mchuzi wa samaki. Neema anataka mkate wa kukata slesi.

Juma Hamburg

Kwa tuliopo Ujerumani, tahadhari: namba za hapa, 405, 550, 1050, si protini. Ni miligramu za majivu yanayobaki unga wa gramu 100 ukichomwa, yaani zinaonyesha pumba kiasi gani imebaki. 405 ni wa keki, 550 natumia mahali pa ule mweupe wa Bi Mkubwa, na 1050 una rangi na ladha zaidi. Protini bado utaisoma nyuma ya pakiti.

Neema wa Moro

Asante sana Bi Mkubwa. Je, nikiacha mweupe kabisa nioke kwa ata tupu, si ndiyo bora zaidi kwa baba?

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Unaweza. Gramu 500 za ata zitataka maji mililita 375 hadi 400, na mkate utakuwa mfupi kidogo, lakini utashikana. Ulezi hapo uache. Ila ata na ulezi bado ni wanga, mwanangu. Vina nyuzinyuzi zaidi, lakini havifuti sukari. Mkatie slesi nyembamba, ale na yai au maharage, na kama ana kipimo, apime saa mbili baada ya kula, majibu ayapeleke kliniki. Na hiyo ata iliyobaki ifunge vizuri uiweke kwenye friji, kiini cha ngano kina mafuta na huharibika mapema. Ukisikia harufu ya mafuta yaliyokaa, mwaga.